Shemasi Ozell Threadgill, Aliyengoja Garini

Shemasi Ozell Threadgill alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 katika Kaunti ya Tolliver, Mississippi, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Amos na marehemu Luvenia Threadgill. Ilikuwa wiki ya mafuriko na mkunga aliletwa kwa trekta, hivyo mama yake alizoea kusema kwamba Ozell alianza usumbufu kabla ya kuanza kunyonya.

Alisoma hadi darasa la kumi katika shule ya watoto weusi ya kaunti. Baba yao alipofariki, aliacha masomo ili mdogo wake, Cleotha, aendelee. Mwaka 1966 alimwona mama yake akivaa glavu nyeupe za kanisani kwenda kupiga kura kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Ozell naye alipotimiza umri alipiga kura mara mbili, na mara zote mbili alivaa tai.

Tangu 1970 hadi 2013 alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha kuchambulia pamba. Mashine iliyowashinda wengine aliisikiliza kwanza, akiwa amefumba macho, kisha akaomba spana moja tu.

Mambo ya 1976 hatuwezi kuyaruka. Januari ile, sakafu ya jiko la mama yake ilioza hadi mguu wake ukatumbukia. Ozell alikata mialoni miwili ya kupasua mbao, upande huu wa mtaro wa mpakani, mahali ambapo babu alituonyesha siku zote kuwa ni petu. Ramani ya mahakamani ilisema vingine, na sherifu akamkamata. Wakili aliyepewa na serikali alimwambia, "Kubali kosa, kijana, yaishe. Jioni utakula kwa mama yako." Alikubali, akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu, na kweli jioni alikula kwa mama yake. Novemba alipiga pasi shati, akafunga tai, akaenda kituoni. Karani alipitisha kidole kwenye daftari la wapiga kura.

"Jina lako halimo humu, bwana. Ukishahukumiwa kwa wizi wa miti, kura basi."

"Mpaka lini?"

"Hilo mimi sijui."

Mama yake alikuwa nyuma yake kwenye foleni.

Tarehe 14 Juni 1980 alimwoa Bi. Verdell Pickens, aliyemwambia mbele ya kanisa zima kwamba amekubali kwa sababu amechoka kumwona akila pai ya viazi vitamu ya watu wengine. Mungu aliwajalia mabinti wawili.

Kila uchaguzi, kwa miaka arobaini na saba, alimpeleka mkewe na mdogo wake kituoni, naye akabaki garini. Cleotha akitoka alitaniwa: "Mbona umekawia? Ulikuwa unapiga kura au unaposa?"

Jimboni kwetu, aliyepoteza kura hivyo hurudishiwa kwa sheria yenye jina lake mwenyewe, ipitishwe na theluthi mbili ya kila baraza la bunge. Mbunge wetu aliupeleka mswada wa Ozell mara tatu. Mara zote ulikwama. Safari ya tatu figo zake zilikuwa zimekwisha. Alipoambiwa, alicheka kidogo. "Wamenizika mara tatu," alisema, "na bado nakula kambare." Alifariki nyumbani, Ijumaa tarehe 15 Septemba 2023.

Yanayofuata msiyatafute kwenye karatasi mlizoshika, hayamo. Cleotha ndiye mimi. Wengi mmeuona msumeno wa babu ukining'inia kwenye karakana ya Ozell. Una mshiko huku na mshiko kule, na mtu mmoja hawezi kuuvuta. Ozell alimwambia sherifu kwamba alikuwa peke yake. Sherifu hakuuliza, hakimu hakuuliza, nanyi hamkuuliza. Upande wa pili nilikuwa mimi, mwenye miaka kumi na tisa. Mbunge alipoomba barua za kumtetea, niliandika kurasa mbili za sifa zake, nikaliacha hilo. Siku moja garini nilimwambia nataka kulisema.

"Useme ili iweje?" akanijibu. "Nyumba moja itoe wajinga wawili? Mama alitaka kura itoke kwetu. Shuka, mdogo wangu, nenda kapige. Mimi nipo hapa."

Nilitii, kwa kuwa kutii kulinifaa. Naona haya mbele yenu, na zaidi mbele ya jeneza hili.

Ameacha mjane, Bi. Verdell, mabinti, Renita na Charlesetta, wajukuu watano, na ndugu mmoja ambaye kura yake ililipiwa na mwingine.

Tarehe 7 Novemba nitafunga tai yako, niende. Pumzika kwa amani, Kaka. Safari hii usiningoje.