Maren Tolliver, Aliyeimba na Friji

Baada ya miaka arobaini na mmoja, albamu kumi na mbili na magari mawili yaliyomfia njiani, Maren Tolliver anastaafu leo, Jumamosi tarehe 14 Juni, katika Ukumbi wa Halvorsen hapa Duluth, alikoanzia. Mimi ni Gus Lindahl, fundi sauti wake kwa miaka ishirini na sita, na bado sielewi anafanyaje anayoyafanya.

Nyimbo alizirithi kwa bibi yake, mpiga fidla wa harusi za wachimba chuma. Akaziongezea gitaa la umeme, msumeno unaopigwa kwa upinde wa fidla, na safari moja mlio wa barafu ya ziwani ikipasuka. Wazee walinuna. Baadaye wakaanza kuwahi viti vya mbele.

Mwaka wangu wa kwanza nilijipendekeza kwa kuchomoa friji ya bia ya ukumbini, maana mngurumo wake ulikuwa unaingia kwenye vipaza sauti. Maren akasimamisha wimbo katikati. "Nani kaniulia mpiga besi?" akauliza. Kumbe miaka yote alikuwa akilinganisha nyuzi za gitaa lake na sauti ya friji ile. Nikaichomeka tena huku ukumbi mzima ukinizomea. Ikatetemeka, ikanguruma, naye akaendelea kutoka neno lile lile alilokuwa ameishia.

Miaka mitatu iliyopita, tukiwa mazoezini, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Gus, friji imeharibika?"

Ilikuwa ikinguruma kama kawaida. Niligeuka kuitazama, naye akanisoma usoni. "Basi usimwambie mtu," akasema.

Tangu hapo ameimba pekupeku, amesimama juu ya ubao niliouunganisha na spika, akiupokea muziki kwa nyayo. Hajakosea noti hata moja. Nimefanya kazi na wengi wenye masikio mazima wasiomfikia hata robo.

Majira ya baridi yaliyopita daktari alimweleza wazi kwamba kelele za jukwaani zinamaliza usikivu uliobaki. Maren ana mjukuu, Signe, ambaye ndiyo kwanza anaanza kuunga maneno. "Kilichobaki nimemwekea yule," aliniambia. "Wewe waandikie wenzetu ukweli, nimechoka kujifanya." Nimeandika, na nimelia, wala sioni aibu.

Maren, sisi wa Halvorsen tunakushukuru, na tunakuombea siku nyingi za kumsikiliza Signe asiyenyamaza. Leo utakapomaliza wimbo wa mwisho, nitawasha taa zote za ukumbini, uyaone makofi.