Maiti Aliyepumua Garini mwa Broadnax

Ndugu waombolezaji, familia imenisimamisha mimi mpwa wa marehemu, na mnajua kina Broadnax hatusimulii kwa haraka.

Marehemu Thaddeus Broadnax alizaliwa tarehe 3 Machi 1896 hapa Pinder, Alabama, akasoma shule ya kanisa hadi darasa la tano, akapigana vita Ufaransa, na mwaka 1921 akafungua kampuni ya mazishi, kwani ile ya Wazungu haikugusa maiti mweusi. Tarehe 9 Juni 1924 alimwoa Bi. Arvella, wakajaliwa mabinti wawili, Ola na Verbena, ambao uzuri wao, namshukuru Mungu, hawakuutoa kwa baba.

Jumamosi mchana, tarehe 14 Juni 1947, Wazungu walimvamia Lucius Tate, mwenye duka la vyakula tulilolichangia kanisani ili tuache kununua kwao kupitia mlango wa nyuma, wakamvunja mbavu kwa mpini wa shoka, wakampiga risasi ya tumbo, wakachoma duka, kisha wenyewe wakampigia simu marehemu aje kuzoa maiti, maana hakuna Mzungu aliyetaka kuishika. Alipoinama, akakuta Lucius anapumua.

"Kafa huyo, kijana?" akauliza mwenye bunduki, na kijana mwenyewe ana miaka hamsini na moja.

"Kafa kabisa, bosi, kaanza na kunuka."

Wakampiga teke Lucius, akaguna, hapo hapo marehemu akapasua wimbo wa kanisa hadi mbwa wakakimbia.

"Funga domo!"

"Siwezi, bosi, maiti wetu hanyanyuki bila wimbo."

Wakamng'oa meno kwa kitako cha bunduki, akaimba na damu mdomoni, akampakia Lucius, akalitimua gari kuelekea hospitali ya madaktari wetu, nao walipoona amelipita kanisa bila kushusha maiti wakamfukuza kwa risasi, moja ikamkata sikio la kushoto, hadi majirani walipopindua mikokoteni ya pamba barabarani nyuma yake, na pale pale Wazungu wakamuua mmoja wa majirani hao, Mzee Hosea Lyle.

Lucius alipona, akajenga duka juu ya majivu yale yale.

Marehemu aliugua kisukari tangu 1961, akakatwa mguu, akafariki Jumanne, tarehe 12 Februari 1963.

Tunawashukuru madaktari waliomuuguza, majirani wa mikokoteni, wafanyakazi wenzake, na wale Wazungu pia, kwa simu yao.

Haya, mjomba, pumzika kwa amani. Lucius amefunga duka leo, na tangu alijenge upya hajawahi kulifunga, hata Wazungu walipolipiga mabomu.