Wolfgang Ndunguru na Ngolo Yenye Mfuniko

Mpendwa wetu Wolfgang Baltazar Ndunguru alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1958 katika milima iliyo juu ya Mbinga, mtoto wa tatu wa mzee Baltazar Ndunguru na mama Notburga Kapinga. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Wolfgang, kwa hiyo jina halikumsumbua padre. Liliwasumbua makarani maisha yake yote, na hata juzi kwenye kibali cha kuzika tumemkuta ameandikwa "Urufugani".

Elimu ya msingi aliipata Kigonsera, akiishi kwa mama yake mkubwa, akamaliza darasa la saba mwaka 1973. Hakuendelea. Alirudi nyumbani kushika shamba, na huko akapata sifa ya kulaza nyasi za ngolo. Kwa wageni mliopanda kutoka ziwani, ngolo ni kilimo chetu cha mashimo mlimani. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari ya kukatana, wanawake hufuata na majembe na kuzifunika kwa udongo, zinaoza, mahindi yanapata chakula. Mistari ya Wolfgang ilinyooka kuliko ya wenzake wote, naye alilijua hilo. Sifa hiyo ilikuja kumponza.

Mwaka 1979 aliajiriwa na chama cha msingi kwenye mtambo wa kumenya kahawa, akafanya kazi hapo hadi alipoacha mwaka 2008. Kila msimu alitazama maganda yakirundikana, yakinuka na kutiririkia mtoni. Alikuwa akisema kwamba kitu kinachonuka kiasi kile lazima kina nguvu ndani yake. Wenzake walimcheka, wakaendelea kumenya.

Tarehe 24 Novemba 1984 alifunga ndoa na Otilia, binti wa Kihagara. Kwao ziwani Otilia alizoea kupika nje, upepo ukichukua moshi wake. Huku kwetu baridi ya Juni haina mchezo. Jiko ni la ndani na mlango umefungwa. Alipika humo mpaka kifua kikakataa. Mwaka 2009 daktari alimwambia Wolfgang bila kuzunguka kwamba moshi ukiendelea, atamzika mkewe. Walipofika stendi ya Mbinga, Wolfgang akamwambia mkewe, "Mama Anjela, nilikutoa penye upepo nikakufungia kwenye moshi. Nitakutoa." Wakapanda gari, wakarudi nyumbani wamechoka, na jioni ile Otilia akawasha kuni kama kawaida, maana watoto walikuwa na njaa.

Mwaka 2011 fundi Dunstan alikuja kufundisha habari za biogesi. Alieleza kwamba shimo hujengwa kwa tofali na kufunikwa, samadi na mabaki ya shamba yaoze humo ndani, na gesi itokayo hupelekwa jikoni kwa bomba. Wolfgang alisikia neno "yaoze", akaacha kusikia mengine. Fundi alipomaliza kumjengea shimo lake na kuondoka, marehemu alishuka humo kabla halijafunikwa, akalaza nyasi kwa mistari ya kukatana, safi kabisa, kisha akamwagia samadi juu. "Hii ni ngolo yenye mfuniko," aliwaambia majirani. Nyasi zikaelea, zikagandamana, zikaziba kila tundu. Gesi haikutoka hata ya kushika moto wa kibiriti. Dunstan aliporudi alichungulia, akakaa chini kabisa.

"Mzee Ndunguru," akauliza, "umelima humu?"

Nyasi zilitolewa kwa reki na kwa mikono, na harufu yake hatutaieleza mbele ya Padre. Baada ya hapo alijaribu maganda mabichi ya kahawa, mtambo ukachacha. Akajifunza kuyaacha yavunde kwanza, kuyatia majivu, na kutia samadi nyingi kuliko maganda. Ilimchukua misimu kadhaa, na kila ulipoharibika Otilia alirudi kwenye kuni na kukohoa, naye Wolfgang alikaa nje asisikie.

Moto ulikuja Agosti 2014, mdogo, wa rangi ya bluu. Otilia akachemsha chai. Dada wa marehemu, Verediana, alikitazama kikombe chake kwa muda.

"Kaka, chai hii imepitia wapi?"

"Kwenye kahawa, dada."

"Na wapi tena?"

"Kwa nguruwe, kidogo tu."

Verediana akarudisha kikombe mezani. Hadi wiki hii alikuwa hajanywa chai ya jiko lile.

Marehemu aliwasaidia wengi kujenga mitambo, hata wakwe zake Kihagara, ambako joto na maganda ya muhogo vilitoa moto mkali kuliko wetu. Alifurahi, na aliudhika kidogo. Lakini mtambo hulishwa kila siku kama mfugo. Watu walichoka, ng'ombe waliuzwa, na mingi imezimika. Yeye mwenyewe alichoka, wala hakuficha. "Nimechoka kabisa," alisema, "lakini yule mama anapumua."

Machi 2024 moyo ulianza kumsumbua. Miguu ikavimba na ndoo zikamshinda. Alitibiwa Mbinga, kisha Songea, na wakati wote huo Otilia ndiye aliyeulisha mtambo. Kila asubuhi Wolfgang, ambaye bado aliuita ngolo yake, alimwuliza kabla hata ya salamu, "Imekula?" Alfajiri ya Jumatano, tarehe 16 Julai 2025, alifariki kitandani kwake. Siku hiyo hakuwahi kuuliza.

Jiko dogo la gesi haliwezi sufuria za msiba. Tangu Jumatano moshi umerudi uani kwa Otilia, na inatuuma kwamba umeletwa na mazishi ya mtu aliyeufukuza. Tena kwa desturi yetu mjane hukaa mkekani, hashiki jembe wala ndoo mpaka matanga yaanuliwe. Leo asubuhi Otilia aliinuka, akashika ndoo ya samadi.

"Wifi, rudi ukae," Verediana alimwambia. "Watu watasema."

"Waseme. Wolfgang Mungu amemchukua, sina la kufanya. Lakini ngolo yake hii ikifa njaa mikononi mwangu, nitakuwa nimemzika mara mbili."

Verediana akafunga kanga yake vizuri. Akachukua ndoo ya pili. Waliporudi, Otilia alimchemshia chai kwenye jiko lile, naye akainywa yote.

Marehemu ameacha mjane, Otilia, watoto, Anjela, Bernadi na Mansuetus, wajukuu, na dada yake Verediana.

Imekula, Wolfgang. Pumzika sasa, na Mungu akuweke penye upepo.