Mama Paulo na Mtama wa Majivu

Ndugu wafiwa na waombolezaji wote, habari ninayowaletea hamtaiamini: kwamba aliwahi kutokea mtu akambishia Mzee Idrissa, yule mbishi wa kijiji, akamshinda. Mnaotikisa vichwa, ngojeni kwanza. Aliyeandika ni mimi Melkizedeki, mdogo wa mama yake marehemu. Shule niliishia darasa la pili, lakini marehemu alinichagua mimi na kuwaacha walimu watatu wa ukoo wamekaa. Wamenuna mpaka leo.

Marehemu Dorika Isaka alizaliwa Kinampanda, Iramba, tarehe 12 Machi 1934, mtoto wa pili wa Mzee Isaka na dada yangu Anastazia. Siku hiyo alilia kwa nguvu hata majirani wakatoka na marungu, wakidhani fisi amekamata mbuzi. Sauti hiyo ndiyo iliyokuja kufundisha kwaya.

Alisoma shule ya misheni palepale Kinampanda hadi darasa la nne, mwaka 1948. Mwalimu alitaka aendelee, baba yake akataka mchungaji wa ng'ombe, na ng'ombe wakashinda. Hata hivyo hakuacha kusoma. Kila karatasi iliyofungiwa chumvi aliisoma kabla ya kuitupa.

Tarehe 8 Agosti 1953 alifunga ndoa na Stefano Alute, akahamia Mgori. Alifika hajui neno la Kinyaturu, na mwaka haukuisha kabla hajaanza kuwasahihisha wenyewe. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza Paulo. Alilima, alifundisha watoto wa kanisani kuimba, na tangu mwaka 1971 alifundisha kisomo cha watu wazima. Mimi nilikwenda kumtembelea, nikaandikishwa. Nilikuwa mwanafunzi wake bora, ingawa aliniweka benchi la mbele pamoja na wachelewaji.

Sasa nakuja kwenye habari yenyewe. Mwaka 1974 ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji. Watu walihamishwa, wakapangwa safu safu katika kijiji kipya. Waliokuja mwisho walikaa safu ya chini, mashamba yao wameyaacha mbali, vihenge vyao vitupu. Mvua ilichelewa, na mahindi ya msaada yalikuwa bado yanasubiriwa. Mwaka ule Idd Kubwa na Krismasi zilifuatana, lakini safu ya chini hawakuwa na cha kupika sikukuu yoyote.

Dorika akakusanya watoto, wa Kikristo na wa Kiislamu, akawafundisha nyimbo. Wapite jioni safu za juu, waimbe mlangoni, wapokee chochote kwenye vikapu, kisha chakula kipelekwe safu ya chini. Akawaonya, "Safu ya chini msiimbe. Kule tunapeleka, hatuombi."

Watoto walitii kama watoto wa Singida wanavyotii. Walipokuwa wakirudi walimwona Mzee Idrissa amekaa nje ya nyumba yake, safu ya chini. Nani hapa angempita mzee bila kumwamkia? Wakasimama na vikapu vyao, "Shikamoo, babu!" Babu akaitikia, akatazama vikapu, akauliza, "Kwa wengine mmeimba, kwangu mnapita? Mimi si mtu?" Wakaimba. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha mtama, akamimina chote.

Asubuhi akina mama walikaa tayari kusaga. Dorika alitia mkono kwenye kikapu cha mwisho, ukatoka wa kijivu. Akapiga kelele, "Acheni! Huu una majivu. Hii ni mbegu ya mtu!" Kwetu mtama wa kula haupakwi majivu, unapakwa wa kupanda, wadudu wasiuguse. Watoto wakasema ulitoka kwa Mzee Idrissa. Ukisagwa ule, Idrissa hapandi, na asipopanda, mwaka unaofuata nyumba yake haivuni. Na mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya upande wa Ikungi.

Nilitumwa mimi kuurudisha, kwa kuwa nina maneno. Mzee Idrissa aliniangalia kuanzia viatu. "Mnyiramba wewe, umekuja kunitukana? Nimewapa watoto wa watu, unanirudishia? Uende ukaseme Idrissa ni ombaomba?" Nilirudi na kikapu changu na maneno yangu yote.

Dorika hakunicheka, au alicheka kidogo. Akaniuliza, "Mjomba, mke wake Zaituni si amejifungua juzi?" Akauweka mtama ule peke yake kwenye kikapu, akauziba kwa majani, juu akaweka unga na viazi. Akawaita watoto wote, wakashuka wakiimba mchana kweupe.

Mzee Idrissa akasimama mlangoni. "Mama Paulo, nilishasema."

"Sijaja kwako, mzee wangu. Nimekuja kwa mzazi. Ya mzazi mwanamume unayaingilia tangu lini?"

Mzee alisogea kando ya mlango. Akageuka kutazama juu. "Mimi natazama mawingu," akasema. "Anayepita nyuma yangu simwoni."

Zaituni aliufunua mtama, akamshika Dorika mkono asiuachie. Mvua ilinyesha wiki ileile. Idrissa alipanda, na mwaka 1975 alivuna. Siku ya kwanza ya mavuno Dorika alisimama mbele ya kihenge kile akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo wa maji kichwani.

Marehemu alianza kuugua moyo Februari 1976. Miguu ilivimba, akalazwa mara mbili mjini Singida. Alirudi nyumbani kwa hiari yake, na Jumapili tarehe 4 Septemba 1977 alifariki usingizini, bila maumivu. Tumelia, lakini kwa jinsi alivyokuwa akihangaika kupata pumzi, nasi tumepumua.

Ameacha mume, Stefano, watoto Paulo, Marietha na Yunisi, wajukuu wanne, mama yake Anastazia, na mimi.

Maneno ya kumuaga nilimsomea mwenyewe siku chache kabla, kwa kuwa alitaka kuyasikia. Nikasimama kando ya kitanda, nikakohoa, nikasoma: "Sasa utulie, Dorika, uliyelisha Singida yote, na Iramba yote, hata Wagogo wa Manyoni wakaja na magunia yao wamepiga foleni mpaka—"

"Mjomba," akasema, macho ameyafumba, "ilikuwa safu moja."