Ndugu Ishirini wa Kifua Kimoja

Ilikuwa Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, manyunyu yakidondoka kwa uvivu bila kuamua kama yanataka kuwa mvua, Fundi Randa alipotoka kwenye lango la hospitali, akavuka barabara na kuketi kwenye benchi letu. Benchi hilo hukalisha watu wanne, watano wakipendana. Ukimwacha mama muuza kahawa, mwenye kigoda chake, tulikuwa watatu: mimi, Kipara, kinyozi asiye na unywele hata mmoja, na Masijala, aliyestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza mafaili, na ambaye mpaka leo hapokei habari bila kuuliza tarehe yake. Randa ni seremala. Alikuwa amekohoa miezi miwili. Wiki iliyotangulia eksirei ilionyesha doa kwenye pafu lake la kulia. Na asubuhi hiyo aliitwa aelezwe ni doa la nini. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeelezwa.

— Wamesemaje? akauliza Kipara.

— Nina ndugu ishirini.

— Sisi tumekutuma ukaulize habari za pafu, wewe umeulizia ukoo.

— Sikuuliza. Daktari mwenyewe kaniambia. Kaiweka picha ya kifua changu kwenye kompyuta, akasema, “Mzee, nimeitafutia picha yako ndugu zake.” Mashine ikavuta pumzi kidogo, ikaleta vifua ishirini, vimepangwa kama sahani kabatini. “Hawa hapa,” akasema.

— Halafu?

— Halafu nikamwambia naenda kunywa maji, nikaja hapa.

Masijala akaweka kikombe chini.

— Twende kwa utaratibu. Marehemu baba yako alikuwa anafanya kazi gani?

— Si unajua. Dereva wa lori.

— Kwa miaka mingapi?

— Ishirini na minane.

— Hapo ni mtoto mmoja kila miezi kumi na saba, wewe hatujakuhesabu. Mzee hata likizo hakuchukua.

— Chunga mdomo, huyo ni baba yangu.

— Simsemi vibaya. Nasifia mahudhurio.

— Mimi sishangai, akasema Kipara. Sura ya nje inadanganya. Nanyoa baba na mwanawe, hawafanani hata kisogo. Lakini mbavu utazificha wapi? Hiyo mashine imepitia mlango wa ndani.

— Mama aliniambia mimi ni wa pekee.

— Mama yako hakuwa na eksirei, bwana.

Mama muuza kahawa akaguna, akamjazia Randa kikombe.

— Nyumba aliyoiacha mzee ina vyumba vingapi? Kipara akaendelea.

— Viwili na baraza.

— Watu ishirini na mmoja. Masijala, hebu gawa.

— Kila mmoja anapata kipande cha ukuta. Mlango hapati mtu.

— Watalala kwa zamu.

— Nyie mnawaza nyumba, akasema Masijala, mimi nawaza faili. Ofisini kwetu mafaili yaliyofanana tulikuwa tunayafunga kwa uzi mmoja. Likitibiwa moja, yametibiwa yote. Randa anaweza kumeza kidonge hapa, akapona mtu mwingine kabisa, mji mwingine.

— Na mimi je?

— Wewe unabaki na kikohozi cha mwenzio.

— Au si ndugu hata kidogo, akasema Kipara, akisogea karibu kana kwamba kuna anayetusikiliza. Ni nakala. Wewe umetolewa wa ishirini na moja, wino umeanza kuisha, ndiyo maana kuna doa.

Randa akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakaa. Tulingoja mpaka kiishe, na hakuna aliyemtazama usoni.

— Daktari anaondoka saa sita, akasema alipopata sauti. Nikimkosa leo, zamu yake nyingine ni Alhamisi ya wiki ijayo.

Ilikuwa saa tano kasorobo.

— Sasa umekaa hapa unafanya nini? akauliza mama muuza kahawa.

— Nawaza habari za hao ndugu.

Mwanamke mwenye mkono uliofungwa plasta alikuwa amejikunyata kwenye pembe ya benchi, akijikinga na manyunyu, tangu tulipokuwa tunagawana nyumba. Akageuka.

— Samahani, kaka zangu. Hao ishirini walikuwa wanaumwa nini?

Kipara akamtazama Masijala. Masijala akanitazama mimi. Mimi nikaitazama kahawa yangu.

— Daktari hakukwambia? mwanamke akamuuliza Randa.

— Sikumngoja, akasema Randa.

— Basi umeondoka kabla ya hadithi. Hata mfupa wangu waliutafutia. Zikaja picha za waliovunjika kama mimi, na kwenye kila picha pameandikwa ilikuwa nini na mwenyewe aliishia wapi. Ndugu ni picha, si watu. Wa kwanza wangu alikuwa babu wa miaka themanini. Sikumwita kaka.

Randa alirudia kimoyomoyo yale maneno, aliishia wapi. Midomo yake ilionyesha. Kisha akasimama, akakung’uta suruali isiyokuwa na vumbi, akavuka barabara.

Alirudi saa tano na dakika ishirini na tano. Hakuketi.

— Kumi na wanne, doa lao lilikuwa kovu tu, ugonjwa wa zamani uliokwisha wenyewe. Watano walikuwa na kivimbe kisicho na ubaya.

— Kumi na tisa, akasema Masijala, ambaye hangoji kuombwa kujumlisha.

— Mmoja saratani.

— Kumi na tisa kwa mmoja, akasema Kipara. Hiyo mechi imekwisha.

— Nami nilimwambia hivyohivyo. Akanijibu picha hazipigi kura. Zinamwonyesha yeye pa kutazama. Jibu liko kwenye nyama yangu mwenyewe. Kesho wananichoma sindano waichukue.

Masijala aliuliza tarehe ya majibu, akaiandika kwenye kiganja: Alhamisi ya wiki inayofuata.

Alhamisi hiyo jua lilikuwa kali. Kipara alifunga duka saa tatu, akidai wembe wake umechoka. Masijala alikuwa amefika kabla yetu sote. Saa tano kasoro dakika tatu Randa alitokea langoni, akavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, dereva mmoja akamtukania ukoo mzima, naye hakusikia. Akafika, akashika mgongo wa benchi kwa mikono miwili.

— Daktari ameomba picha yangu iwekwe na zile nyingine, imsaidie mtu mwingine. Nimekubali.

— Iwekwe fungu gani? akauliza Masijala, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo.

— La makovu, akasema Randa. Tuko kumi na tano.