Shahidi Asiye Ndugu

Kijiwe chetu cha Kamina kiko mbele ya baraza yangu mimi fundi cherehani, na tangu vita ifunge reli kimejaa watu wazima wasio na pa kwenda. Tunakaa juu ya mataruma mawili ya reli. Nani aliyabeba na kwa ruhusa ya nani, usiniulize. Mama Mujinga anatuuzia kahawa nyepesi ya thermos. Mwalimu Zébédée wa shule ya Methodisti tunamwita Virgule, yaani alama ya mkato, maana hamalizi sentensi bila kupumzika katikati. Kabange ni pacha wa pili, basi ni Deuxième, na alikuwa chef de train, mkuu wa treni, hadi train zenyewe zilipokoma. Wa tatu ni Amédée, jina lake la kijiweni Ilijaa. Huyu kazi yake ilikuwa kukaa chini ya tangi la maji la maternité, wodi ya wazazi, na likijaa apige kelele, "Ilijaa!", ili mtu akazime mota. Kisha akaja Ingénieur Philémon na bidon, dumu tupu, na fimbo: maji yakipanda bidon inapanda, fimbo inavuta kamba, mota inajizima yenyewe. Tangu siku hiyo Amédée amebaki na jina bila kazi, na Philémon hamsalimii.

Asubuhi hiyo Philémon alikuwa amepita na bidon mkononi na nyaya begani, anaelekea barabara ya Luena kufunga mashine nyingine kwenye dispensaire, zahanati ya huko. Ilijaa aligeuza uso akatazama ukuta wangu. Haukupita muda, Virgule akatokea mbio.

— Prix! Kuko prix, zawadi ya dunia muzima, ya ba-ingénieurs ba mambo ya automatique!

— Automatique njo nini? akauliza Mama Mujinga.

— Kintu inajiangalia yenyewe, mama. Ikifika fasi yake, inasimama. Bila mutu kuiambia.

— Basi bwana yangu hapana automatique.

Tulipomaliza kucheka, Virgule akaeleza. Profesa wa Lubumbashi aliyemfundisha Philémon alikuwa ameita kwenye phonie, redio ya mawasiliano ya misioni. Anataka kupendekeza jina lake kwa wakubwa wa kazi hiyo, huko ng'ambo. Mtu hajipendekezi mwenyewe. Wanatakiwa mashahidi watatu wa hapa, walioona mashine kwa macho yao. Majina yasomwe kwenye phonie jioni hiyo hiyo. Akishinda, atapata medali na tikiti ya ndege.

— Avion? Deuxième akanyoosha mgongo. Itatua apa apa Kamina, minyi nakuambia. Batamupeleka Philémon kule Ulaya, batamuuliza afunge bidon ku kila kintu. Ku train! Ku ba-ministre! Minisita akishiba, kamba inavuta, mukono inatoka mu sahani.

— Na ku vita? nikamchokoza.

— Ku vita njo ya kwanza! Vita ikijaa, tiki, inazima.

— Mi naona iko inamwangika tangu mwaka jana, akasema Mama Mujinga. Lakini aende, Vidye amusaidie. Muke yake na batoto balienda Lubumbashi na train ya mwisho. Avion itapita kule, atabaona.

Kila mtu alijua Philémon analala peke yake na viatu vya watoto vimepangwa mlangoni.

— Lakini, akasema Virgule, na hiyo ilikuwa virgule mbaya. Bashahidi, basikuwe ba famille.

— Famille ya namna gani? nikauliza.

— Yote. Hakuna damu, hakuna bukwe ya ndoa, hakuna majina.

Msomaji wa mbali hajui ugumu wa neno hilo kwetu. Mimi nilitolewa wa kwanza: mke wangu na mke wa Philémon ni binti wa mama mmoja. Mama Mujinga ni shangazi yake. Deuxième ni shemeki yake, yaani shemeji: dada mdogo wa Deuxième ameolewa na kaka wa Philémon. Na Virgule je? Mtoto wa pili wa Philémon anaitwa Zébédée kama yeye, na kwetu aliyepewa jina lako si mtu baki, ni wewe mwenyewe umezaliwa tena.

— Bazee balisema, damu ni nzito kuliko maji, akatangaza Deuxième. Na hii ni prix ya maji. Kwa hiyo damu ikae inje.

— Hiyo mezali haisemi ivyo, akasema Virgule.

— Inasema ivyo leo. Angalia. Akasimama, akainua mkono kama yuko mahakamani. Minyi Kabange, nakana. Philémon hapana shemeki yangu. Dada yangu aliolewa, mi sikukuwako.

— Ulikula mbuzi ya mahari! akasema Mama Mujinga. Uliomba na kichwa!

— Nilikula kama mupita njia. Weye Mwalimu, kana.

Virgule akajikuna.

— Ule mutoto, jina yake, ni ya mu Biblia. Si yangu. Nakana.

— Eyo vidye! Petro alikana, jogoo ikawika, akasema Mama Mujinga. Mujiangalie.

— Usiogope, mama, akasema Deuxième. Jogoo za Kamina, basoda ba vita balishamaliza zote.

Tukawa na mashahidi wawili. Wa tatu hakuhitaji kukana chochote. Wote tukageuza shingo kwa Ilijaa. Yeye ni mtu wa Kalemie, alikuja kijana kutafuta kazi ya reli, na Kamina nzima hana tone la damu na mtu isipokuwa watoto wake. Kalemie sasa iko upande wa pili wa vita, kwa hiyo kitambulisho chake anakificha ndani ya soksi, na barrière, kile kizuizi cha askari barabarani, haikaribii hata kwa dawa.

— Hapana, akasema Ilijaa. Ule mutu alinikatia mukate na bidon. Mweye munataka nimupandishe avion?

— Mugeni njoo, mwenyeji apone, akambembeleza Deuxième.

— Batoto yangu yote ilizaliwa apa. Nitakuwa mugeni mpaka wapi?

Mama Mujinga akammiminia Ilijaa kikombe bila kuombwa, akamwita kwa jina lake.

— Amédée. Hatukuombi umupende. Sema tu kile uliona. Ile mashine inafanya kazi, ao haifanye?

Ilijaa alikunywa hadi nusu.

— Inafanya. Mi nilikuwa nalala. Jua ikiwa kali nalala, maji inamwangika, mazout ya mota inaisha, ba mama ba maternité banakosa maji. Bidon hailale. Andikeni ivyo.

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna hiyo, na yalimuuma, ilionekana. Virgule alimshika mkono, akavaa kofia yake akimbilie misioni. Hakufika hata kona. Tamar, mkunga wa maternité, alikuwa anakuja mbio kutoka barabara ya Luena, kiatu kimoja mguuni.

— Banamushika Ingénieur ku barrière! Banasema bidon na nyaya ni bombe! Mi niliomba, balinifukuza. Commandant anasema atamuachilia tu kama mutu wa famille anakuya kumujibia. Nani apa iko famille yake?

Aibu ilikuwepo, maana viapo vyetu vilikuwa bado na joto la mdomo. Lakini nisiseme uongo, hofu ndiyo ilikuwa kubwa. Tangu vita ianze, anayemjibia mtu aliyeitwa mpelelezi anaweza kubaki naye huko huko. Deuxième alikuwa anachunguza viatu vyake. Mimi nilishika mkasi wangu kana kwamba kuna kitambaa cha kukata.

— Nani iko famille yake? Tamar akarudia, machozi yakimtoka.

Ilijaa akaweka kikombe chini. Akainama, akatoa kitambulisho kwenye soksi.

— Minyi.

— Weye baba, uko nani yake?

— Yomba yake. Ndugu ya mama yake.

— Ilijaa, akanong'ona Virgule, weye njo shahidi wetu wa kweli, wa pekee. Na weye, mutu wa Kalemie, kule ku barrière…

— Twende, mutoto, Ilijaa akamwambia Tamar.

Walikuwa wameshapita duka la chumvi Mama Mujinga alipofunga thermos kwa nguvu, akamchapa Deuxième na kitambaa cha mezani.

— Mupita njia! Pita sasa, tukuone!

Basi tukaenda wote. Shati la mteja nililiacha na sindano ndani.

Commandant alitaka ndugu mmoja, akaletewa mtaa. Mama Mujinga alilia kilio cha shangazi, kile ambacho hata bunduki inageuka pembeni. Deuxième aliitaja mbuzi ya mahari kiungo kwa kiungo. Commandant hakuwatazama. Alikuwa anasoma kitambulisho cha Ilijaa, na alikisoma muda mrefu.

— Kalemie. Na huyu ni wa Kamina. Weye ni yomba yake namna gani?

Philémon alikuwa amekaa chini, mdomo umevimba. Alimtazama yule mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemnyima salamu miezi yote ile.

— Iko yomba yangu, akasema. Njo yeye alinifundisha tangi.

— Basi anionyeshe hii bombe.

Ilijaa akaiweka bidon ndani ya pipa, akafunga fimbo kama alivyoona ikifungwa siku ile aliyopoteza kazi. Mwisho wa fimbo akatundika kofia ya commandant. Askari wakamimina maji. Bidon ikapanda, fimbo ikalala, kofia ikaanguka yenyewe. Na Ilijaa, kwa mazoea, akapiga kelele:

— Ilijaa!

Commandant alicheka wa kwanza. Tulirudi na mtu wetu, na bidon ilibebwa na Ilijaa, hakutaka kusaidiwa.

Kesho yake Virgule alitoka misioni taratibu, kofia mkononi. Philémon alikuwa kijiweni kwa mara ya kwanza, amekaa kando ya Ilijaa.

— Nilimuambia Profesa yote, jana jioni, akasema Virgule. Akaniuliza: mu Kamina muzima, hamuna hata mutu mumoja asiye ndugu yake?

Deuxième alitaka kumtaja Ilijaa, akautazama uso wake, akainama kufunga kamba ya kiatu. Mimi niliwaza vile viatu vidogo vilivyopangwa mlangoni, na ndege itakayopita bila kumchukua mtu, na roho iliniuma.

Philémon akachukua thermos mkononi mwa Mama Mujinga. Akamimina kahawa katika kikombe cha Ilijaa kwa mikono miwili, namna mpwa anavyommiminia mjomba wake.

— Inatosha, yomba?

Ilijaa akachungulia kikombe, akakisogeza karibu naye.

— Bado kujaa, mutoto yangu. Ongeza.