Aliniita kwa Jina

"Mama, mimi yule mheshimiwa namkubali kwa jambo moja tu," mlinzi alimwambia jirani yake wa kiti basi lilipoondoka. "Alipita getini kwetu akaniita kwa jina. Tangu siku hiyo kura yangu ni yake."

Mama alisogeza dumu lake tupu miguuni. "Mheshimiwa wetu wa zamani alikuwa mkavu, hata salamu haitikii. Lakini enzi zake maji yalitoka bombani. Tukamwangusha kwa sababu ya kununa kwake." Akamtazama mlinzi kifuani. "Na siku hiyo, baba, ulikuwa umevaa sare hii?"

Mlinzi aliinamisha macho. Jina lake lilikuwa pale juu ya mfuko wa shati, limedariziwa kwa herufi kubwa nyeupe. Basi liliposimama, alishuka amelifunika kwa kiganja, kama mtu anayeumwa moyo.